"Mingi" Si "Yote": Ukidaiwa Mkopo wa Shule Baada ya Kufilisika Marekani

Amri ya kufutiwa madeni inayotoka mahakama ya ufilisi ya Marekani ni karatasi fupi, kurasa mbili tu. Ukurasa wa kwanza ndio watu huupiga picha na kuwatumia ndugu. Wa pili haupigwi picha. Huko yameorodheshwa madeni ambayo kwa kawaida hayafutiki: matunzo ya watoto, kodi nyingi, faini, na kati yake madeni ya "mikopo mingi ya wanafunzi".

Mingi. Hawakuandika yote. Lakini kampuni inayokusanya mkopo husoma "yote", na mwenye deni aliyechoka naye husoma "yote". Basi wawili hao wanakubaliana juu ya jambo ambalo sheria haikulisema, na hela inaendelea kutoka kila mwezi.

Mimi si wakili. Ni yule mtu ambaye kila jumuiya ya Waswahili ughaibuni huwa naye, anayeletewa bahasha zilizofunguliwa nusu na kuulizwa, "Hebu nisomee, hawa wanataka nini tena?" Mwongozo huu ni wa aliyekwishamaliza kesi yake ya ufilisi, iwe ya Sura ya 7 (ile ya kufutiwa madeni bila mpango wa kulipa) au ya Sura ya 13 (ile ya kulipa kwanza kidogokidogo kwa mpango), na bado bili ya mkopo wa shule inamfuata.

Kwa nini bili imerudi

Siku unapofungua kesi ya ufilisi, sheria inawanyamazisha karibu wadai wako wote papo hapo. Kampuni ya mkopo wa shule nayo inauweka mkopo wako kando. Kesi ikiisha, kompyuta inaurudisha kwenye foleni ya bili, bila binadamu yeyote kukaa na kuuliza kama huu ni mkopo wa aina iliyofutwa au ya aina iliyobaki. Machi 2023 ofisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, inayojulikana kwa herufi CFPB, ilitoa waraka ikisema wakaguzi wake wamezikuta kampuni zikifanya hivyo hasa, na kwamba ni kinyume cha sheria.

Mei 2025 ofisi hiyohiyo ilifuta nyaraka zake za mwongozo 67 kwa mkupuo, na watu wakaanza kuulizana kama haki nazo zimeondoka. Haki hii haikuzaliwa na waraka. Iko kwenye vifungu vya 523 na 524 vya sheria ya ufilisi, na hivyo ni Bunge la Marekani tu linaloweza kuvibadilisha.

Historia yake inasaidia kuelewa hilo "mingi". Mwaka 1976 Bunge liliamua kuwa mkopo wa mwanafunzi usifutwe kirahisi ndani ya miaka mitano ya kwanza. Mwaka 1990 miaka ikawa saba. Mwaka 1998 muda wa kusubiri ukaondolewa kabisa: mkopo wa serikali haufutwi hata ukizeeka, mpaka uithibitishie mahakama kuwa kuulipa ni ugumu uliopitiliza. Mwaka 2005 mikopo ya kampuni binafsi ikaingizwa humo, ila si yote. Iliingizwa ile tu inayolingana na maelezo ya "mkopo wa elimu uliokidhi masharti" yaliyomo kwenye sheria ya kodi. Mkopo usiolingana na maelezo hayo ni deni la kawaida, ndugu wa deni la kadi ya benki, na ulifutwa siku ileile jaji aliposaini amri yako. Hukuhitaji kufungua kesi nyingine wala kueleza shida zako.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi tatu

Amri yenyewe ya kufutiwa madeni. Orodha ya wadai uliyoijaza ulipofungua kesi, uone kama kampuni hiyo imo. Na mkataba wa mkopo, ule uliousaini, si bili za juzi.

Kama mbili za kwanza zimepotea, zipo kwenye mfumo wa kumbukumbu za mahakama uitwao PACER. Unafungua akaunti mwenyewe. Ada ni senti 10 kwa ukurasa, waraka mmoja hauzidi dola 3, na kama matumizi yako ya miezi mitatu hayavuki dola 30 hulipi kitu. Mkataba waombe kampuni kwa maandishi. Wakikuambia hawauoni, andika tarehe na jina la aliyekujibu, maana jibu hilo nalo ni ushahidi.

Hatua ya 2: Tenganisha wa serikali na wa binafsi

Ingia studentaid.gov. Mikopo yako ya serikali kuu inaonekana humo. Usioonekana, elekea kuamini ni wa binafsi, lakini usikimbilie kushangilia: mikopo ya serikali ya jimbo na ya chuo chenyewe nayo haionekani pale. Hata mkopo wa benki unaweza kuwa umetolewa kupitia mpango uliofadhiliwa na shirika lisilo la faida, na huo sheria inaulinda kama ule wa serikali. Jina la shirika kama hilo hujificha kwenye mistari ya mwisho ya mkataba. Soma mpaka chini.

Mkopo wako ukiwa wa serikali, ruka mpaka sehemu ya "Kama ni wa serikali".

Hatua ya 3: Upime mkopo wa binafsi

Hapa ndipo penye nyama, usipite haraka. Mkopo wa binafsi huelekea kuwa deni la kawaida lililofutwa ikiwa moja kati ya haya ni kweli.

Shule haikuwa kwenye mpango wa misaada ya masomo ya serikali kuu wakati unasoma. Vyuo vingi vidogo vya ufundi, mafunzo ya kompyuta ya miezi michache, na baadhi ya shule za udaktari za nje ya Marekani havimo. Wizara ya Elimu ina orodha ya shule zilizokubaliwa. Angalia mwaka uliosoma wewe, kwa kuwa shule huingia na kutoka.

Ulisoma chini ya nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo. Hili ni la watu wetu wengi: zamu mbili za kazi, somo moja jioni. Ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi ya chuo inaweza kukuandikia idadi ya masomo ya kila muhula.

Mkopo haukuwa wa masomo ya darasani. Mikopo ya kujiandalia mtihani wa uwakili, au ya kumhamisha daktari mhitimu kwenda mji anakofanyia mafunzo kazini, imo kundi hili.

La mwisho, lenye ubishi kuliko yote: mkopo ulizidi gharama ya kusoma. Kila chuo hutangaza gharama hiyo kwa mwaka, ikihesabu ada, vitabu, malazi, chakula na nauli, kisha msaada wa bure uliopata unatolewa humo. Tuseme chuo kilikadiria dola 20,000, na wewe ulikuwa na ufadhili wa dola 14,000. Pengo ni 6,000. Benki ikakutumia 15,000. Dalili ya kuangalia ni njia fedha zilimopita. Kama chuo kilithibitisha kiasi na hundi ikaenda chuoni, kesi yako ni dhaifu. Kama hela ziliingia moja kwa moja kwenye akaunti yako na chuo hakikuulizwa, inafaa kuchimba. Tangu Februari 2010 mkopeshaji binafsi anatakiwa awe na fomu uliyosaini inayoonyesha gharama ya kusoma na misaada uliyopata. Idai. Tarakimu zake ndizo zitakazobeba hoja yako.

Mawakili hugombana juu ya mkopo uliozidi: je, unafutika wote au ile ziada tu? Na majaji wengi hutazama lengo lililoandikwa siku ya kukopa, hawajali sana kama baadaye ulinunulia gari. Kwa hiyo usijiumize wala usijitetee kwa kusimulia ulivyozitumia.

Kesi ya kuijua ni ya Hilal Homaidan. Alipokuwa Emerson College, Boston, alichukua mikopo miwili ya Sallie Mae, kampuni ya mikopo ya wanafunzi, jumla dola 12,567, nje ya ofisi ya misaada ya chuo. Akafilisika kwa Sura ya 7, akapata amri yake mwaka 2009. Mikopo ikaendelea kudaiwa, wakusanya madeni wakatumwa, naye kwa kuamini kuwa amri haikuigusa akailipa yote. Mwaka 2017 akaifungua upya kesi yake. Kampuni ya Navient, iliyokuwa imeirithi mikopo hiyo, ikajitetea kwa kifungu kinachotaja fedha zilizopokelewa kama "manufaa ya kielimu", ikisema mkopo ni manufaa. Julai 2021 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa pili, inayohudumia New York, Connecticut na Vermont, ikakataa: maneno hayo yamekaa pamoja na ufadhili na posho za masharti, si mikopo. Mahakama za rufaa za mzunguko wa tano, wenye Texas ndani yake, na wa kumi, wenye Colorado, zilikuwa zimeshasema hivyohivyo mwaka 2019 na 2020. Kwa Wakongo na Wakenya waliojaa Houston na Dallas, hiyo ya mzunguko wa tano inawahusu moja kwa moja.

Hatua ya 4: Andika barua, usipige simu

Simu inapotea. Tena mtu wa simu hana mamlaka ya kuamua jambo la sheria, amepewa karatasi ya kusoma. Tuma barua kwa njia ambayo anayeipokea posta lazima aisainie, ubaki na nakala na risiti. Yaliyomo yawe mafupi namna hii, utafute wa kukusaidia kuyaweka kwa Kiingereza:

*Mkopo namba … ulifutwa kwa amri ya mahakama ya ufilisi ya … ya tarehe …, kesi namba …. Haumo kwenye mikopo iliyotajwa na kifungu cha 523(a)(8), kwa sababu … (shule haikuwa kwenye mpango wa serikali / nilisoma chini ya nusu / kiasi kilizidi gharama ya kusoma). Acheni kuudai. Mkipinga, nitumieni mkataba, fomu niliyosaini ya gharama za kusoma, na maelezo ya kwa nini mnaona haukufutwa. Nirudishieni malipo yote niliyofanya tangu tarehe ya amri.*

Ambatanisha nakala ya amri na uthibitisho mmoja au miwili. Usiwamwagie faili zima.

Barua hii ina kazi ya pili ambayo haionekani. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema anayedai deni lililofutwa anaweza kuadhibiwa kwa kuidharau mahakama ikiwa hapakuwa na sababu ya maana ya kutilia shaka kuwa amri inamkataza. Ukishamwekea ushahidi mezani, akasaini kuupokea, kisha akaendelea kudai, kisingizio chake kimepungua uzito.

Hatua ya 5: Usisaini kitu wakati unasubiri

Watakupigia wakiwa wapole. "Tukupunguzie? Dola 50 kwa mwezi?" Deni lililofutwa halifufuki kwa sababu umelipa kidogo, wala kwa sababu umekubali kwenye simu. Ahadi ya kulipa deni la kabla ya ufilisi haina nguvu, isipokuwa ulisaini makubaliano maalumu kabla ya amri kutolewa na yakapelekwa mahakamani. Hatari iko penye mkopo mpya: wakikushawishi kuunganisha la zamani na jipya, umeingia deni lisilo na ufilisi nyuma yake. Hapo hata mimi siwezi kukusaidia kusoma bahasha.

Usitishike na polisi. Kutolipa mkopo wa shule si kosa la jinai, na sheria inamkataza mkusanya madeni kukutishia kukamatwa kwa sababu ya deni. Nasisitiza kwa sababu nimewaona watu wenye karatasi za uhamiaji ambazo hazijakamilika wakilipa kwa woga tu. Kampuni binafsi haina hata uwezo wa kukata mshahara wako mpaka ikushtaki na kushinda.

Ndiyo maana wito wa mahakama ya jimbo ukija, usiuweke kwenye droo. Jibu ndani ya siku zilizoandikwa na useme waziwazi kuwa deni lilifutwa kwenye ufilisi. Kweli, sheria inasema hukumu juu ya deni lililofutwa ni batili, lakini kuibatilisha wakati akaunti yako ya benki imeshafungwa ni kazi ya jasho.

Hatua ya 6: Safisha ripoti ya kredi

Ripoti ya kredi ni kumbukumbu ya namna unavyolipa madeni yako. Pakua zako za ofisi tatu zinazoitunza, Equifax, Experian na TransUnion, kupitia annualcreditreport.com, bure. Deni lililofutwa linapaswa kuonyesha salio sifuri na kwamba lilifutwa kwenye ufilisi. Likionyesha bado unadaiwa au unachelewesha, wasilisha pingamizi kwa kila ofisi yenye kosa, uambatanishe amri. Kwa kawaida wana siku 30 kuchunguza. Alama ya ufilisi wenyewe inaweza kukaa mpaka miaka 10, hiyo huwezi kuipinga.

Hatua ya 7: Lalamika, kisha rudi kwa jaji

Malalamiko kwa CFPB huwekwa mtandaoni. Peleka mengine kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Majimbo kadhaa, California na Illinois yakiwemo, yana afisa wa kushughulikia malalamiko ya mikopo ya wanafunzi tu.

Kampuni isiposikia, mahakama iliyokupa amri ndiyo yenye fimbo. Nenda kwa hiyohiyo, hata kama umeshahama jimbo: mzunguko wa tano ulisema wazi kuwa amri hutekelezwa na mahakama iliyoitoa. Kesi iliyofungwa miaka kumi nyuma inafunguliwa tena, na ada ya kuifungua haitozwi pale lalamiko lako likiwa mdai anaivunja amri. Unaweza pia kufungua kesi ndani ya kesi ukimwomba jaji atamke kuwa mkopo ule ulifutwa. Mfilisika wa Sura ya 7 au 13 hatozwi ada kwa hilo, na hakuna tarehe ya mwisho. Jaji anaweza kuamuru urudishiwe ulicholipa na kampuni imlipe wakili wako, jambo linalowafanya baadhi ya mawakili wa ufilisi wakubali kuanza bila kukudai kwanza. Ukimtafuta wakili, muulize swali moja: ameshashughulikia mikopo ya wanafunzi isiyokidhi masharti? Wengi wa kufungua Sura ya 7 kila wiki hawajawahi.

Kama ni wa serikali

Huu haukufutwa na amri ya kawaida. Lakini mlango wa kuomba ufutwe kwa sababu ya ugumu uliopitiliza hauna kikomo cha muda, nao ni kesi ndani ya kesi kama ile ya juu. Mahakama nyingi hutumia kipimo cha kesi ya Brunner ya 1987: je, leo unaweza kulipa na bado ukaishi, hali itaendelea hivyo, na ulijitahidi kwa nia njema? Wewe wa Minnesota uko mzunguko wa nane, ambako jaji hutazama hali yako yote kwa ujumla.

Novemba 2022 Wizara ya Sheria na ya Elimu zilianzisha utaratibu wa fomu ya kiapo kwa mikopo inayoshikiliwa na Wizara ya Elimu. Unaeleza mapato na matumizi, na mambo fulani yanachukuliwa kuwa dalili kwamba hali haitabadilika: umri wa miaka 65 au zaidi, ulemavu au ugonjwa wa kudumu, kukosa kazi miaka mitano kati ya kumi, kutomaliza shahada, au mkopo kuwa kwenye kipindi cha malipo kwa miaka kumi au zaidi. Usiukalie kimya mkopo huu, kwa sababu serikali, tofauti na benki, inaweza kukata hadi asilimia 15 ya mshahara bila kwenda mahakamani.

Na ukitaka kurudi shule, kufilisika hakukuzuii kupata msaada wa masomo wa serikali. Kifungu cha 525 kinakataza ubaguzi huo. Mkopo wa wazazi uitwao Parent PLUS ndio una ukaguzi wa kredi, na deni lililofutwa ndani ya miaka mitano iliyopita linahesabiwa kama doa.

Aliyekusainia

Mkopo wa binafsi kwa mgeni asiye na kredi karibu kila mara una jina la pili: mjomba, dada mkubwa, mzee wa kanisa. Amri yako inakufuta wewe, haimfuti yeye. Kampuni ikiacha kukupigia ghafla, uliza nyumbani kabla ya kufurahi, huenda imehamia kwake. Mweleze mapema, mpe nakala ya amri, na mwambie asikubali "kupunguziwa" kabla hajaongea na wakili wake mwenyewe, kwani utetezi wake si wako.

Jambo la mwisho huja Januari au Februari. Kampuni iliyokubali kufuta inaweza kukutumia fomu 1099-C, ikiieleza mamlaka ya kodi kuwa umesamehewa, tuseme, dola 9,000. Usiandike kiasi hicho kama mapato. Deni lililofutwa kwenye kesi ya ufilisi halitozwi kodi ya mapato: jaza fomu 982, weka alama kwenye mstari wa 1a, uipeleke pamoja na kodi ya mwaka huo.